Nilipokuwa Afisa wa Mikebe

Siku yangu ya kwanza kazini sikupewa meza, wala kiti, wala hata kile kibeji cha kuning'iniza shingoni ambacho nilikuwa nimeshakiota usiku kucha. Nilipewa katoni ya mikebe. Mikebe midogo ya plastiki, kifuniko cha kijani, ndani kijiti. Sista Msimamizi, ambaye alinijua kutoka kanisani na ndiye aliyenitafutia kibarua hicho, akaniwekea katoni mikononi akasema, "Saru, kuanzia leo wewe ndiye unayejua choo cha nani kiko wapi. Usichanganye."

Nilikuwa na miaka kumi na saba. Nimestaafu nikiwa na miaka hiyo hiyo. Nawaandikia haya vijana wanaonifuata, hasa wale wa Kidato cha Pili, ambao hawajui kazi ilivyokuwa ikifanywa zamani, yaani likizo ya Agosti.

Wakubwa wangu walikuwa wanatafuta polipu. Polipu ni kinyama kinachoota kwenye ukuta wa utumbo mpana, kama uyoga kwenye gogo lililolowa. Vingi havina neno, vinakaa tu kama wapangaji wapole. Lakini kuna vingine ukiviacha miaka vinageuka saratani, na havipigi hodi. Utafiti wenyewe ulihusu wanawake: kama historia ya uzazi ya mwanamke ina uhusiano wowote na vinyama hivyo. Alivunja ungo akiwa na umri gani, amebeba mimba ngapi, alinyonyesha kwa muda gani, ametumia vidonge au sindano za kupanga uzazi, hedhi yake ilikoma lini. Daktari Mkuu alitueleza asubuhi ile kwamba homoni za kike, zile zinazopanda na kushuka mwilini, huenda zinaugusa utumbo pia. Alilipenda sana hilo neno "huenda". Alilitumia kama watu wengine wanavyotumia chumvi.

"Daktari," nikauliza, "kwa hivyo kuzaa ni dawa ya tumbo?"

"Huenda."

"Na kutozaa?"

"Huenda. Ndiyo maana tunauliza."

"Na wanaume je?"

"Wanaume ni utafiti mwingine."

Sista akadakia bila kuinua macho kutoka kwenye tableti ya kujazia majibu, "Historia ya uzazi ya wanaume wa hapa Voi itahitaji tableti mbili."

Kituo chetu cha kwanza kilikuwa uwanja wa kanisa pale Voi. Turubai moja, ndani Sista na tableti yake. Nje benchi ndefu ya kungojea. Na mwisho wa benchi mimi na katoni yangu. Mwanamke akitoka kuulizwa maswali, nilimpa mkebe na kumweleza kazi yake: tandika karatasi ya nailoni chooni, chokoa kidogo kwa kijiti, funga, rudisha kesho. Kipimo hicho kinatafuta damu iliyofichika, ile ambayo jicho haliioni, kwa sababu kinyama kikianza kuvuja huvuja kidogo kidogo.

"Kidogo, mama. Kama dawa ya meno kwenye mswaki."

Kuna mama mmoja aliurudisha mkebe umejaa hadi kifuniko kinainuka, ameufunga kwa leso nzuri. Nikamwambia, "Mama, tulisema kidogo." Akanijibu, "Nilifikiri mnapima bidii."

Mambo ya benchi hakuna aliyenifundisha, niliyaona mwenyewe. Maswali ya Sista yalifuata watoto. Kila mimba ilikuwa na maswali yake: ilifika mwisho, ilitoka, mtoto alinyonya, alinyonya mpaka lini. Aliyezaa sana alikaa ndani mpaka waliobaki nje wanaanza kusinzia. Ambaye hakuzaa aliulizwa mimba ngapi, akasema hakuna, na tableti ikaruka kurasa zote hizo yenyewe. Alitoka nje hata joto la kiti halijapoa. Kwa hivyo benchi nzima ilijua. Hakuna aliyesema kitu kibaya, lakini wote waliinua vichwa kwa pamoja, na mimi nikampa mkebe haraka ili apate kitu cha kushika.

Niliyaelewa hayo kuliko wengine kwa sababu ya Shangazi Mkamburi. Ni dada ya baba yangu. Baba mwenyewe kwetu ni picha ukutani, na si kwamba amekufa. Mama yuko Saudia analea watoto wa watu, na simu yake hushika inapojisikia. Shangazi ndiye aliyenilea. Hakuzaa. Aliolewa, akarudishwa, na tangu hapo anafua mashuka ya lojing'i moja, nyumba ya wageni karibu na steji ya malori. Nyumba yetu ina watu wawili na redio, na nikienda shule inabaki na mtu mmoja na redio. Ameniambia huwa anamjibu mtangazaji wa taarifa ya habari. "Akisema habari za jioni, mimi namwambia nzuri. Ni adabu."

Nilimwambia mapema aje kituo cha Voi ahojiwe, umri wake unafaa, ana miaka hamsini na tatu. Akasema ana mashuka. Kesho yake pia alikuwa na mashuka. Nikaacha.

Kituo cha pili kilikuwa Mahoo, upande wa Taveta. Gari la mradi lilitutoa Voi alfajiri, na tulipofika ndizi zilikuwa zimesimama pande zote mpaka ukahisi unachunguliwa. Tukasimamisha turubai karibu na mfereji wa maji. Niliponyanyua macho kutoka kwenye katoni, nikamwona mtu amekaa katikati ya benchi, kitambaa cha kanisani kichwani, mkoba mapajani. Shangazi Mkamburi.

"Shangazi! Umefuata nini huku kote?"

"Ndizi."

"Foleni ya ndizi iko sokoni Taveta."

"Punguza sauti. Hapa hunijui."

"Sikujui?"

"Hapa mimi ni mtu tu, Saru. Niache niwe mtu tu."

Basi zamu yake ilipofika nikamwambia kwa sauti ya ofisi, "Karibu, mama, sijui unaitwa nani, pita ndani." Mdomo wake ulicheza kidogo, akainama akaingia.

Alitoka mapema, kama nilivyojua atatoka. Mama mmoja wa Mahoo aliyekuwa anamfunga mtoto mgongoni akasema, "He! Wewe mgeni, mbona umetoka kama aliyesahau mkoba?"

"Yangu ni mafupi," Shangazi akajibu.

Vichwa vikainuka. Nikamnyooshea mkebe. Nilitarajia kuona ule uso wake wa kufua, uliokunjwa. Lakini alikuwa anang'aa. Alichukua mkebe, akanifinya kidole, akaondoka kuelekea barabarani akitembea kama mtu aliyevua viatu vinavyobana.

Jioni, gari liliponirudisha Voi, nilimkuta jikoni anamenya ndizi za kupika huku anaimba sauti ya pili ya kwaya. Sauti ya kwanza hakuwa nayo mtu, lakini hakujali. Nikachukua kisu nikamsaidia.

"Saru, leo nimetua mzigo."

"Wa ndizi?"

"Kuna jambo lilikuwa linanila tangu kabla ya Pasaka. Leo nimemwambia Sista."

"Jambo gani?"

"Mambo ya watu wazima."

"Shangazi, mimi ni Afisa wa Mikebe. Mambo ya watu wazima ninayo kwenye katoni."

Akacheka, akafuta mikono kwa aproni. "Tena sikuanza mimi, ameuliza mwenyewe. Ameniuliza, mara ya mwisho kuona damu ni lini? Mimi nikashtuka, nikafikiri huyu ameniona usoni. Nikasema Jumapili. Akauliza, inakuja kila mara au inaruka? Nikamwambia inaruka, leo ipo, kesho haipo. Akasema, 'Ni kawaida kwa umri wako, mama. Itapungua yenyewe mpaka iishe.' Saru, nilikaribia kumbusu. Miezi yote hii nimelala nikifikiri nakufa, kumbe ni kawaida."

Kisu changu kikasimama. Nyumbani kwetu anayenunua pedi ni mmoja, na ni mimi. Nilipokuwa darasa la sita Shangazi alinipa pakiti zake zilizobaki akaniambia, "Chukua, mimi nimefunga duka." Na swali lile nililijua, nilishasikia wanawake wakilichekea benchini. Lilikuwa swali la hedhi. Kuona damu, kuona mwezi, kuona siku, ndivyo watu wanavyosema wasitaje kitu chenyewe.

"Shangazi. Damu gani?"

"Ya chooni."

"Ya mbele au ya nyuma?"

"Saru! Huna adabu."

"Sina. Mbele au nyuma?"

Alitazama ndizi aliyoishika. "Haja kubwa," akasema kwa sauti ndogo.

Mimi nina mzaha wa kila kitu. Nina mzaha wa mazishi. Pale sikuwa na hata mmoja.

"Alikuuliza hedhi," nikasema. "Alimaanisha damu ya mwezi. Amekujibu kuhusu hedhi. Hiyo nyingine hajui kama ipo."

"Alisema damu."

"Najua alisema damu."

"Basi si angesema ya mwezi?" Aliinuka akawasha redio. Mtangazaji alimsalimu, hakumjibu. "Wewe unataka tu kuniharibia siku. Siku moja, Saru."

"Mkebe uko wapi?"

Ulikuwa dirishani. Alikuwa ameuosha kwa sabuni akautia vifungo vya mashati. Akasema ni mkebe mzuri, hauingizi maji, na kwa kuwa amekwisha kujibiwa hauna kazi nyingine.

Nikamwambia lazima aende hospitali. Akasema haendi. Nikamuuliza anaogopa nini. Sufuria ilikuwa inaanza kufurika; akaiondoa motoni, akasema akiwa amenipa mgongo, "Wataniuliza tena nimezaa wangapi. Halafu wataniambia nimeugua kwa sababu sikuzaa. Kwa wakwe niliambiwa hivyo hata kuhusu mvua. Ilipokosa kunyesha, ni mimi. Sasa na tumbo? Sitaki kusikia tena, Saru. Afadhali nisijue."

"Mama simu yake haishiki," nikamwambia. "Baba ni picha. Na wewe ukienda nani atakuwa anakaa hapa na mimi? Redio?"

Tulikula kila mtu akitazama sahani yake. Asubuhi nilipoamka alikwisha kwenda kufua. Vifungo vilikuwa juu ya meza, na mkebe mtupu umesimama kando ya begi langu la kazi.

Sista Msimamizi nilimkuta anachaji tableti. Nikamwambia yote, na kwamba yule mama wa Mahoo ni shangazi yangu. Ninyi vijana mtakaofanya kazi na wakubwa mjue kwamba mkubwa akikosea huwa kuna sauti fulani, ya koo kusafishwa, halafu anatafutwa wa kulaumiwa. Sista hakusafisha koo. Alikaa juu ya ndoo ya maji, akaniangalia.

"Jumapili," akasema. "Namkumbuka. Nilimwambia ni kawaida."

"Swali lilisema damu."

"Swali lilikuja limeandikwa kwa Kiingereza, na huko limetaja hedhi waziwazi. Aliyelileta kwa Kiswahili akaona haya, akaandika damu. Na mimi nimelisoma hivyo hivyo kila siku, nikaona ni heshima." Akauchukua ule mkebe mkononi mwangu akautupa. "Huu ni wa damu isiyoonekana. Yake inaonekana. Haina haja ya kungoja mkebe. Aende kwenye kamera wiki hii, nitampigia Daktari sasa hivi."

Siku hiyo hiyo swali likabadilishwa. Damu ya mwezi, likaandikwa, na chini yake swali jipya: je, umeona damu kwenye haja kubwa? Kisha tukaanza kuwarudia wanawake wote tuliokwisha kuwauliza, Voi, Mahoo, kisha kule Ndara kwenye ranchi, ambako tulimfuata mama mmoja mpaka kwenye birika la ng'ombe. Wengi walicheka wakasema, kumbe mlikuwa mnauliza hayo! Mmoja hakucheka. Aliuliza tu kamera inafanywa wapi.

Kamera ndiyo wanayoiita kolonoskopi: mrija mwembamba wenye taa na kijicho mbele, unaopitishwa nyuma ukapanda utumbo mpana wote. Kikionekana kinyama, kinatiwa kitanzi cha waya hapo hapo na kukatwa. Lakini kwanza utumbo usafishwe, kwa hivyo siku moja kabla unakunywa dawa ya kuharisha, lita kwa lita, na huli kitu. Shangazi hakubisha tena; alikunywa, akaenda chooni na kurudi mpaka njia ikalainika. Nikamwambia, "Shangazi, hata ile treni ya mizigo haipiti mara nyingi hivi." Akanirushia ndala. Nilifurahi sana kurushiwa ndala.

Hospitalini, muuguzi wa mapokezi alisema mgonjwa atachomwa dawa ya usingizi, na hawezi kuruhusiwa kuondoka bila mtu mzima wa kumrudisha nyumbani.

"Niko hapa," nikasema.

"Una kitambulisho?"

"Ninacho cha shule."

Hakucheka. "Mama, hakuna mtu mwingine? Mume? Mtoto mkubwa? Hata jirani?"

Sista alikuwa Ndara na turubai. Majirani Shangazi hakutaka wajue. Alisimama pale na kitambaa chake cha kanisani, akifikiri kwa makini kabisa, kama mtu anayepekua mkoba akitafuta funguo.

"Hakuna," akasema.

Daktari Mkuu alikuwa amekuja mlangoni akiwa na magwanda ya kijani. Shangazi akamgeukia. "Daktari, haiwezi kufanywa nikiwa macho?"

"Inaweza. Lakini si raha, mama."

"Sikuja kwa raha."

Nilikaa koridoni. Nilikuwa nimeandaa mizaha ya kumngojea nayo, nikaipitia yote kichwani na yote ilikuwa mibaya. Nilisikia sauti ya Daktari ikisema geuka kidogo, pumua. Ya Shangazi sikuisikia. Nilitamani apige kelele, angalau nijue yuko wapi.

Aliponiita ndani alikuwa ameketi kitandani, jasho usoni, leso magotini. "Nimejiona ndani, kwenye skrini yao," akaniambia. "Pekundu, pasafi, panang'aa kama mdomo wa ndama."

Kinyama kilikuwepo. Kimoja, kikubwa kiasi, ndicho kilichokuwa kinavuja. Daktari alikwisha kukikata, na kipande kimetiwa kichupani kwenda maabara, ambako wangekiangalia kwa darubini waseme kama saratani ilishaanza au la. Majibu yangechukua muda.

Shangazi alimsikiliza mpaka mwisho. Kisha akauliza, akiwa anakunja leso pembe kwa pembe, "Ni kwa sababu sikuzaa?"

"Huenda..." Daktari akaanza, kwa mazoea. Akavuta kiti akakaa. "Sijui, mama. Hata utafiti wetu ukiisha, utanieleza juu ya wanawake wengi wakiwekwa pamoja. Hautanieleza juu yako. Nimewatoa vinyama akina mama wenye watoto kumi. Hukujiletea."

"Hujui?"

"Sijui."

"Basi andika hivyo. Wote niliowahi kuwauliza walijua." Akavaa viatu. Tulirudi nyumbani polepole, yeye ameshika bega langu, akasimama mara moja tu, akasema taa za mle ndani zilikuwa kali.

Nilistaafu shule zilipofunguliwa. Hapakuwa na sherehe. Sista alinipa soda na ile katoni tupu, akasema, "Kama ukumbusho." Majibu ya maabara yalikuwa bado. Shangazi alinisindikiza mpaka steji, akaniwekea ndizi ndani ya begi na kuniambia nisome, nisifikirie matumbo ya watu.

Wastaafu huulizwa kazi iliwafundisha nini. Mimi ilinifundisha kwamba ukitaka kuuliza mavi, sema mavi. Ukitaka hedhi, sema hedhi. Heshima yetu ilikuwa karibu imzike mtu. Pia ilinifundisha kwamba mzaha una mwisho wake. Bwenini huku milimani niliwasimulia wenzangu habari za yule mama wa bidii mpaka wakalia machozi, kila usiku wakitaka nirudie. Nilirudia. Habari za kichupa sikumsimulia mtu. Simu haziruhusiwi hapa, wala barua haikuwa imefika. Taa zikizimwa kila mtu alilala na kicheko chake, na mimi nikabaki nahesabu nyumba yetu: mtu mmoja na redio, na kama majibu yamekuja vibaya, nani amesikia akiyasomewa?

Ilikuwa Jumatano, saa za michezo. Niko golini kwenye netiboli, napiga kelele kuliko wachezaji wengine wote. Nikamwona mtu upande wa pili wa ua wa waya, amesimama mbele ya askari wa lango ambaye anatikisa kichwa na kunyoosha kidole kwenye kibao: wageni ni Jumapili. Kitambaa cha kanisani. Shangazi alimsikiliza askari kwa adabu. Kisha akageuka, akashika waya kwa mikono miwili, akavuta pumzi, na yule mwanamke asiyeweza kutaja haja kubwa jikoni kwake akapaza sauti uwanja mzima ukasimama:

"SARU! KILE KINYAMA CHA NYUMA! SI SARATANI! WAMESEMA SI SARATANI!"

Mpira ulidunda peke yake ukaenda nje. Mwalimu wa Zamu aliufungua mdomo akasahau kuufunga. Tangu siku hiyo, niwaambie ukweli, hapa shuleni siitwi Saru tena, naitwa Kinyama, hata na wapishi.

Nilikimbia. Nilipofika kwenye waya askari alikuwa anamlalamikia, "Lakini mama, si ungengoja hiyo Jumapili? Ni siku ngapi tu?"

"Nimeyapata leo asubuhi," Shangazi akamjibu, bado ameshika waya. "Tangu asubuhi ninayo peke yangu."